Miche yenye mama: pepinieri ya miti ya milimani upande wa Kabare, baada ya misimu minne

Kabla sijatoa hata faranga moja, mama mwenye pepinieri, bustani ya miche ya kuuza, alichukua mche mmoja wa sipre, akapasua sashe yake, kile kimfuko cha udongo, kwa wembe mbele yangu, akaukung'uta udongo mpaka mizizi ikabaki wazi. "Papa, muangalie huku chini kwanza. Majani yanaweza kuwadanganya, mizizi hapana." Mzizi mkuu ulikuwa umenyooka kama uzi wa timazi, na vinyweleo vyeupe vimeenea pande zote. Mche ule hakuuhesabu kwenye bei. Ilikuwa Septemba 2019, mvua za kwanza zimeshaanguka, na tangu siku hiyo nimenunua kwake misimu minne. Naandika kwa ajili ya watu wa Bukavu, huku mashariki mwa Kongo, wenye kipande cha shamba mlimani ambao bado wanajiuliza miche wakainunue wapi.

Mimi ni seremala. Atolie yangu iko Kadutu, na kwa zaidi ya miaka thelathini mti nimeujua ukiwa umelala. Sipre naijua kwa harufu yake inapopita kwenye randa na kwa vifundo vinavyokula makali. Msonobari naujua kwa utomvu unaoganda kwenye meno ya msumeno. Podo naijua kwa rangi yake ya siagi na nyuzi zake laini. Haina harufu, randa inateleza juu yake, lakini ukiipiga msumari bila kuitoboa kwanza inapasuka. Mti uliosimama, unaoota, unaozaa, huo sikuwa naujua. Baba alipofariki aliniachia kilima kidogo huko Kabare, na juu yake safu mbili za sipre alizozipanda mwenyewe nikiwa mtoto wa shule ya msingi. Karibu nusu zilikuwa zimekauka zikiwa zimesimama. Hilo ndilo lililonipeleka kwa huyu mama.

Kufika kwake si rahisi. Unatoka mjini kwa njia ya Kavumu, unapita Mudaka, unashuka kwenye gari na kupanda kwa miguu kama robo saa. Hakuna kibao. Motari, vijana wa pikipiki wa pale, wanapajua, ukisema tu "kwa mama wa miti". Vitalu vyake vimepangwa kama ngazi kando ya kijito, na asubuhi yenye anga safi, ukisimama kwenye ngazi ya juu kabisa, unauona mlima Kahuzi wenyewe, mita 3,308, na mlima Biega pembeni yake ukiwa mfupi zaidi.

Kitu cha kwanza ninachomsifia ni kivuli. Pepinieri nyingi nilizopita, miche yote imelala chini ya bashe moja, turubai moja, kalitusi kwa podo, kama wanafunzi wa madarasa yote kwenye chumba kimoja. Hapa kila mti umewekwa kwenye mwanga wake. Ngazi ya chini, karibu na maji, ina dari nene la majani ya ndizi juu ya fito: hapo ndipo podo wanapokaa. Ngazi ya kati dari lina matundu, jua linaingia vipande vipande. Ngazi ya juu haina dari kabisa: sipre, msonobari, grevilea, na vitalu vidogo vya hagenia. Nilimuuliza kwa nini anajipa kazi hiyo yote. Akaninyoshea kidole mlimani, akasema huko msituni ndivyo walivyojipanga wenyewe, yeye ameiga tu.

Nilichukulia kuwa ni maneno ya kuuza. Baadaye nilielewa kwamba ndivyo msitu unavyofanya kazi. Hagenia ni mti wa uwazi. Mbegu yake ni nyepesi, hupeperushwa na upepo, na hutaka ardhi iliyo tupu na jua. Chini ya kivuli cha mama yake haiinuki. Ndiyo maana huko juu mlimani unaweza kukuta hagenia wakubwa wenye mashina manene yaliyovaa kuvumwani, na chini yao usione hata mtoto mmoja. Wanasubiri moto, au maporomoko, au mti mkubwa uanguke na kuacha dirisha. Podo ni kinyume. Mtoto wa podo anaweza kukaa kivulini miaka mingi, mwembamba, haongezeki sana, hafi, mpaka siku mwanga utakapofunguka juu yake. Kwa hiyo muundo wa msitu wa mlimani, yaani nani yuko, ni wangapi, wazee kwa watoto, unategemea sana jinsi mwanga unavyofika chini. Ukinunua miche bila kujua hilo, unapanda podo juani anaungua, unapanda hagenia kivulini anaoza.

Siku ile ya kwanza nilikuwa nimefika na wazo langu tayari: miche mia mbili ya sipre, kama baba. Pesa nilikuwa nazo mfukoni. Mama hakuzigusa. Aliniuliza shamba liko juu kiasi gani, mteremko unatazama wapi, mbuzi wa jirani wanapita au hawapiti, na zile sipre za mzee zilikufaje. Nilimweleza: matawi ya ndani yalianza kuwa ya kahawia, yakafuata ya nje, na kwenye gome kulikuwa na utelezi mtamu uliogeuka masizi meusi. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni chawa ya sipre, papa. Mukipanda mia mbili tena, mumemwita arudi."

Chawa huyo ni kidukari anayefyonza maji ya mti. Barani Afrika alionekana kwanza Malawi mwaka 1986, kisha akaenea nchi baada ya nchi katika nyanda za juu za mashariki mpaka huku kwetu. Sipre tunayoipanda si ya hapa. Kwao ni milima ya Mexico na Guatemala, ingawa jina lake la kitaalamu linaitaja Ureno. Ilipoletwa Afrika ililetwa bila maadui wake, ikastawi kwa miaka mingi, watu wakaipanda kwa safu ndefu za aina moja. Chawa alipofika naye, alikuta safu hizo ndefu, na hakuwa na kazi ya kutafuta. Nilipokuwa kijana nilinunua mbao nyingi za sipre kwa bei ya chini kabisa. Sikuwahi kuuliza kwa nini watu wengi wanakata kwa pamoja. Sasa nadhani ndiyo sababu, au angalau sababu mojawapo.

Aliniuzia sipre sitini badala ya mia mbili. Akaongeza grevilea arobaini, kumi za mti ule ambao gome lake hununuliwa kwa ajili ya dawa ya tezi dume, unaoitwa na wataalamu Prunus africana, na podo kumi na mbili. Hesabu ya faida, siku ile alijinyima. Mia mbili angeniuzia bila jasho, maana zilikuwepo pale zimejipanga, na mimi nilikuwa nataka. Kwa mtu wa biashara, hapo ndipo ninapoanza kumwamini.

Sasa podo. Ndiyo iliyonifanya nirudi msimu baada ya msimu, na ndiyo ambayo sijaipata kwa mtu mwingine yeyote upande huu kwa namna inayoeleweka.

Katika milima yetu podo ndiye ndugu wa asili wa sipre na msonobari, mmoja wa miti michache ya jamii hiyo ambayo haikuletwa na meli. Hana koni ngumu kama wenzake. Jike anazaa mbegu moja ya kijani iliyokaa juu ya kitako kinachovimba na kuwa chekundu na laini, na ndege wanakipenda. Wanameza, wanaruka, wanaiacha mbegu mbali. Mama huyu hatoi mbegu ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega, na kwa hilo ni mkali: amenieleza zaidi ya mara moja kwamba mtu akimletea mfuko wa mbegu bila kusema zimetoka chini ya mti gani, anamrudisha. Zake zinatoka kwa podo wazee wachache waliobaki nje ya hifadhi, kwenye ua wa misheni na kwenye mipaka ya mashamba ya zamani. Anayo daftari. Kila kitalu kina mstari wake: mti upi, tarehe ya kuokota, tarehe ya kupanda. Nilipomuuliza kuhusu wale kumi na mbili wangu alifungua ukurasa, akaniambia mama yao ni mti upi, akanielekeza njia nikaumwone. Nilikwenda. Ni mti mkubwa ambao watu wawili hawaufikii kwa mikono, na shina lake limenyooka, mimi kama seremala nilisimama pale nikiupima kwa macho na kuona haya kidogo kwa sababu ya hesabu ya mbao iliyokuja kichwani bila kuitwa.

Mbegu ya podo haitunziki kama maharagwe. Ukiianika juu ya bati mpaka ikauke, umeiua. Inatakiwa kupandwa ikiwa mbichi, siku chache tu baada ya kuokotwa, na hata hapo inaota polepole, wiki nyingi. Ndiyo maana podo hapatikani hapa mwaka mzima, na ndiyo maana ukimkuta kwa muuzaji wa kando ya barabara kwa bei ya kalitusi, inabidi uulize maswali. Niliwahi kununua kwa muuzaji wa namna hiyo, mjini, kabla sijamjua mama huyu: "podo" ishirini ambao baada ya mwaka mmoja waligeuka kuwa kitu kingine kabisa cha kupambia ua.

Jambo ambalo sikulijua, na ninashangaa sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote katika miaka yote ya kuranda mbao zake: podo wapo madume na majike. Mti mmoja hauzai peke yake. Dume anatoa vumbi, upepo unalipeleka kwa jike, na kwenye mche mdogo huwezi kutambua nani ni nani. "Ndiyo maana siuzi mmoja," mama aliniambia. "Muchukue kumi na mbili, mupande mita nne au tano kati yao, karibu karibu. Hapo hata wakifa wachache, dume atakuwepo na jike atakuwepo." Kuna podo mmoja mzuri sana mbele ya kanisa moja ninalolijua, mti wa miaka mingi, na chini yake hakuna mtoto hata mmoja. Nilidhani ni kwa sababu wanafagia. Sasa najua huenda ni mpweke tu.

Mwaka wa pili nilimpeleka mpwa wangu, aliyesomea mambo ya mazingira, na yeye ndiye aliyenifundisha kuhesabu. Tulichukua kamba ya fundi mwashi, tukapima mraba wa mita kumi kwa kumi chini ya sipre za baba. Ndani yake tulikuta sipre kubwa kumi na moja zilizo hai na saba zilizokauka. Watoto wa sipre, walio chini ya goti, walikuwa wawili tu, wote kwenye ukingo ambapo mti mmoja ulianguka na mwanga ukaingia. Kati ya goti na kifua: hakuna. Mpwa wangu alisema ndivyo wanavyopima afya ya msitu. Wakubwa wanaweza kuwa wengi na wanene, lakini kama hakuna wa katikati, na wa chini ni wa kuhesabika kwa vidole, ni kijiji cha wazee ambacho shule yake imefungwa. Kwenye msitu unaojizaa, watoto ni wengi kupita kiasi, vijana ni wachache kuliko watoto, na wakubwa ni wachache kuliko vijana.

Lakini tulikuta pia kitu kingine ndani ya ule mraba: vichipukizi vya miti ya kienyeji vilivyoletwa na ndege waliotua kwenye matawi ya sipre. Nilipomsimulia mama wa pepinieri, macho yake yaling'aa. Akaniambia nisikate sipre zote zilizobaki, kama nilivyokuwa nimepanga. Nikate zilizokufa, nipunguze matawi ya chini ya zilizo hai, na podo wangu wapya niwapande palepale chini yao. Sipre za mzee ziwe dari. Mpwa wangu aliunga mkono: huko Ethiopia, katika misitu ya Munessa-Shashemene, watafiti wamekuta miche ya miti ya asili, podo akiwemo, ikiota chini ya miti ya kigeni iliyopandwa kwa mbao. Mti mgeni unashikilia kivuli na unyevu, mwenyeji anarudi chini yake.

Sijui niseme vipi jinsi maneno hayo yalivyoniingia. Nilikuwa nimeshamwita mtu wa msumeno. Nilikuwa nimehesabu futi za mbao. Zile sipre baba alizimwagilia kwa kopo, akitoka nalo kijitoni, na mimi nilikuwa nafanya hivyo pamoja naye. Kazi yake haikuwa imeisha bure. Podo ishirini niliowanunua 2020 wote niliwapanda chini ya sipre zake, na mpaka leo hao ndio wazima kuliko wengine wote.

Mbuzi ndio walionitesa. Wale kumi na mbili wa mwanzo, niliowapanda pembeni ya njia, watatu walikatwa vichwa mwezi wa kwanza na hawakupona. Mpwa wangu alinisimulia kwamba hata Uswisi, kwenye milima ya Alps, wana taabu hiyohiyo: huko kuna mti unaoitwa fir unaopenda kivuli kama podo wetu, na kulungu wanautafuna ukiwa mdogo huku wakiuacha jirani yake, spruce, ukue. Baada ya miaka mingi muundo wa msitu mzima unabadilika kwa sababu ya meno. Nilijenga uzio wa matete na mabaki ya mbao za atolie. Mama wa pepinieri aliponiuliza habari za mbuzi siku ya kwanza, nilimjibu haraka haraka kwamba ni wachache. Ningemsikiliza.

Kuhusu misonobari nitasema kidogo tu, maana sikununua mingi. Kilichonivutia ni udongo. Miche ya misonobari anaichanganyia udongo mweusi anaouchota chini ya misonobari mizee, na ukipasua sashe unaona nyuzi nyeupe za kuvu zimeizunguka mizizi. Bila kuvu huyo msonobari hudumaa na kuwa wa njano. Ndiyo sababu misonobari ya kwanza kuletwa katika sehemu nyingi za Afrika ilishindwa mpaka udongo wenye kuvu uletwe pia. Mimi binafsi sipendi kuona msonobari ukipandwa karibu na msitu wa asili, kwa sababu mbegu yake ina bawa na inajua kusafiri. Nilimwambia. Hakukasirika, alisema huwauzia walio mbali na mpaka wa hifadhi tu. Kama kila mteja anamwambia ukweli, hilo siwezi kulijibu.

Sasa kasoro, na zipo.

Sashe zake ni ndogo kwa podo. Kwa sipre inayokaa miezi sita hazina ubaya, lakini podo anakaa kitaluni mwaka mmoja na nusu, na katika sashe nyembamba mizizi ikifika chini inaanza kujizungusha kama kamba ya ng'ombe kwenye mti. Mwaka 2022 nilinunua ishirini. Nilipopasua sashe shambani, sita walikuwa na mizizi iliyojikunja. Nilikata mikunjo kwa wembe kama alivyonifundisha, na watatu hawakunusurika. Nilimpelekea malalamiko pamoja na miche iliyokufa mkononi. Alinibadilishia watatu bila neno, maana hiyo ndiyo kanuni yake: ukirudi na mche uliokufa ndani ya mwezi mmoja, unapewa mwingine. Msimu uliofuata alikuwa na sashe ndefu zaidi. Bei nayo ilipanda, kutoka faranga 1,500 hadi 2,500 kwa podo mmoja. Nimelipa, na ningelipa tena, lakini kwa mtu anayetaka mia moja si mchezo.

Vitalu havina vibao. Yote yako kwenye daftari na kichwani mwake. Mama akiwepo hakuna shida. Siku moja nilimkuta kijana wake peke yake, nikanunua sipre hamsini, na baada ya mwaka mmoja nane kati yake zilionekana wazi kuwa ni thuya ya uzio. Zikiwa ndogo zinafanana sana, simlaumu kijana. Lakini vijiti vyenye jina vingemaliza tatizo hilo kwa siku moja, na nilijitolea kumtengenezea kutoka kwenye mabaki ya mbao. Mpaka sasa nimemtengenezea arobaini. Anavitumia kwenye podo tu.

Simu haishikiki siku nyingi, kwa hiyo safari ya bure inawezekana. Na mvua ikiwa kubwa ile njia ya mwisho haipitiki ukiwa na mzigo.

Mei 2023, baada ya mafuriko na maporomoko ya Kalehe yaliyochukua watu zaidi ya 400 huko Bushushu na Nyamukubi, nilimkuta mama akiwa amezungukwa na watu. Kila mmoja alitaka miti ya kushikilia mlima, na alitaka siku hiyohiyo. Nililielewa jambo hilo, kwani kila mtu mwenye nyumba kwenye mteremko usiku ule hakulala. Naye alikuwa na miche maelfu. Aliwaambia kwamba mvua zinaisha, kiangazi cha Juni mpaka Agosti kiko mlangoni, na mche utakaopandwa wiki hiyo utakufa Julai. Akaandika majina, hakuchukua pesa ya mtu, akawaambia warudi Septemba, na katika kungoja wachimbe mifereji ya kukinga maji na kupanda majani ya ng'ombe kwenye kingo. Wengine walikwenda kununua kwingine kwa hasira. Septemba nilipokwenda kuchukua yangu, baadhi yao niliwaona wamerudi.

Niliwahi kupanda hadi Tshivanga, kituo cha Hifadhi ya Kahuzi-Biega, na kundi la kanisa, tukatembea na mwongozaji wa hifadhi kuelekea mianzi. Ile ndiyo siku nilipoelewa kwa nini mama huyu anashikilia sana mambo ya mbegu. Pale ambapo miti mikubwa imepungua, kuna mmea wa kutambaa, wataalamu wanauita Sericostachys scandens, unaopanda juu ya kila kitu na kukifunika kama blanketi, na chini yake mtoto wa mti hapati mwanga wa kuinukia. Hifadhi ile iliundwa 1970, ikaingia kwenye orodha ya urithi wa dunia 1980, na tangu 1997 iko kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Kuni na makaa yanayopikia Bukavu yanatoka kwenye milima hii. Mti mzee ukikatwa nje ya hifadhi, mbegu yake imekwenda. Ukikatwa ndani, huenda blanketi likawahi kabla ya mtoto wake.

Hesabu yangu ya Desemba 2023, kwa anayetaka namba za shambani: sipre sitini za 2019, hamsini na moja ziko hai, ndefu kuliko zote ina kama mita tano. Grevilea zimezipita, na tayari nimezipunguza matawi kwa kuni. Prunus saba kati ya kumi. Podo wale wa kwanza, tisa, na mrefu wao ananifika kifuani. Miaka minne, kifuani. Mtu anayetafuta mbao za kuuza ili alipe ada za watoto asipande podo peke yake, na mama mwenyewe atakuambia hivyo. Wale ishirini wa 2020 chini ya sipre za baba, kumi na tisa.

Podo kwake wanaisha mapema, kwa hiyo nenda mwanzoni mwa Septemba, asubuhi, na uulize kama ametoka kuokota mbegu mwaka huo. Beba kitu kigumu cha kusafirishia, kwa sababu sashe zikilala kwenye pikipiki udongo unamwagika na mche unafika mizizi ikiwa uchi. Mimi nilitengeneza kasha la mbao lenye vyumba ishirini na vinne. Mama aliliona, akalizunguka, akaniuliza bei. Sikumtajia bei, nilimtengenezea mawili, naye akaniandikia kwenye daftari podo ishirini na watano wa msimu ujao, kutoka kwa mti ule wa misheni, na pembeni ya jina langu akaandika jina la baba.